Viza nilipewa Malé, maswali niliulizwa nyumbani

"Viza iko wapi, dada?"

Kijana wa kaunta ya ndege, uwanjani kwetu, alikuwa ameshaipekua pasipoti yangu mara mbili, ukurasa kwa ukurasa. Nikamwambia viza ya Maldivi hutolewa ukifika. Akaita mwenzake. Mwenzake akaniomba nisogee pembeni kidogo nipishe foleni. Nikasogea na begi langu, nikabaki nimesimama karibu na mizani huku familia zilizokuwa nyuma yangu zikipima mizigo na kwenda zake.

Maswali yaliyofuata hayakuhusu viza tena. "Unasafiri na nani?" Peke yangu. "Anayekupokea nani?" Hakuna, nimelipia nyumba ya wageni. "Nani kalipa?"

Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Nilidunduliza mshahara wangu miezi kumi na minne kwa safari hii. Nilikataa vikoba viwili, sikununua nguo ya Idi. Nina miaka thelathini na minne. Kijana wa kiume aliyekuwa mbele yangu, naye yuko peke yake na anaelekea huko huko, aliulizwa idadi ya mabegi tu.

Maldivi ni katika nchi chache duniani zinazompa mgeni wa karibu kila taifa viza ya utalii akiwa mlangoni, siku 30, bila kulipia hata senti. Masharti yanaeleweka: pasipoti hai, tiketi ya kurudi, mahali pa kulala palipothibitishwa, fedha za kujikimu, na fomu ya msafiri inayojazwa kwenye mtandao wao wa IMUGA ndani ya saa 96 kabla ya safari. Vyote nilikuwa navyo. Hata kile kitabu cha njano cha chanjo nilikibeba mkononi, maana huko huwauliza abiria wanaotoka kwetu kuhusu homa ya manjano.

Sababu ya woga wa kaunta naifahamu, na siyo ya kupuuza. Kampuni ya ndege ikimfikisha abiria akakataliwa na uhamiaji, mzigo wa kumrudisha ni wao, na nchi nyingine huwatoza faini juu yake. Kwa hiyo mfanyakazi asiyeona viza ndani ya pasipoti anaona hatari kwanza. Lakini masharti ya kila nchi yamo kwenye mfumo wa Timatic, ule ambao mashirika ya ndege duniani huutumia kazini. Kuangalia ni kazi ya dakika mbili. Mimi nilisimama pale dakika arobaini, mpaka msimamizi alipokuja, akasoma kwenye kompyuta, akasema, "Mpe kadi ya kupandia." Hakuna aliyeniambia pole.

Dirisha la uhamiaji nalo likarudia: nani, kwa nini, mume yuko wapi.

Wapo watakaoniambia kwamba maswali haya yanawalinda wasichana. Ni kweli madalali wamewapeleka binti zetu Ghuba kwa ahadi za kazi nzuri, wakafika wakanyang'anywa pasipoti na simu. Nimekaa msibani na mama aliyempokea mwanawe kwenye sanduku. Sitaki ofisa yeyote aache kuuliza. Ninachotaka ni aulize kitu kitakachomwokoa mtu. Tiketi ya kurudi unayo wewe mwenyewe? Kazi hiyo uliahidiwa na nani? Unajua jina la mahali utakapolala leo, na unaweza kupapigia simu sasa hivi mbele yangu? Binti aliyedanganywa atakwama hapo, na atakuwa amepata mtu wa kumsikiliza. "Mume yuko wapi" haimwokoi yeyote. Dalali akishamfundisha binti kusema ana mchumba huko, anapita.

Mchana wa siku ya pili, baada ya kubadili ndege, nilifika. Uwanja wa Velana, ule wa mji mkuu Malé, uko kwenye kisiwa chake, maji ya kijani kila upande, na boti zimefungwa mita chache kutoka mlango wa kutokea. Ofisa wa uhamiaji, dada mwenye hijabu nyeusi, alitazama pasipoti, karatasi ya hoteli na tiketi ya kurudi. Aliuliza swali moja: siku ngapi? Saba. Akagonga mhuri. Nilibaki nimesimama pale dirishani nikisubiri swali la pili, mpaka akaniashiria kwa mkono nipite.

Nililala Maafushi, kisiwa cha wenyeji. Hapo zamani watalii waliwekwa kwenye visiwa vya mahoteli tu. Ruhusa ya nyumba za wageni vijijini ilikuja mwishoni mwa muongo wa 2000, na ndiyo iliyomfungulia mtu wa kipato changu. Pombe hakuna kabisa kisiwani, na nguo za kuogelea zina ufuo wake. Kwa mwanamke aliyekulia Pwani akitoka peke yake mara ya kwanza, palikuwa mahali pa kupumua. Asubuhi nililetewa mas huni: samaki wa jodari aliyechambuliwa, nazi iliyokunwa, kitunguu na pilipili, vyote vimevurugwa kwa mkono na kukamuliwa ndimu. Unakula na roshi, chapati nyembamba isiyo na mafuta mengi. Nilikula taratibu nikiisikiliza adhana, na hakuna aliyeniuliza niko na nani.

Siku ya mwisho nilikwenda Malé kuuona Msikiti wa Ijumaa wa zamani, uliojengwa 1658 kwa mawe ya matumbawe yaliyochongwa na kuunganishwa kama mbao. Niligusa ukuta wake kwa nje, nikaikumbuka Kilwa. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331, na yapata miaka kumi na miwili baadaye akawa kadhi huko huko Maldivi. Bahari ni hii hii moja, na watu wetu wameivuka tangu enzi na enzi.

Binamu yangu anasafiri mwezi ujao, peke yake, ana miaka ishirini na sita. Jana usiku tulikaa mezani tukapanga karatasi zake: tiketi ya kurudi, risiti ya nyumba ya wageni yenye namba ya simu, fomu ya IMUGA, taarifa ya benki, na ukurasa wa masharti kutoka tovuti ya uhamiaji wa Maldivi. Ule wa mwisho tumeuweka juu kabisa, mstari wa siku 30 tumeupigia wino wa njano. Nimemwambia afike kaunta masaa manne kabla ya ndege kuondoka. Na akiulizwa nani kalipa, ajibu kwa sauti: mimi.