Kila Mahafali Mimi Ndiye Mjerumani

Ukiwa na mtoto anayetaka kuandika tamthiliya, kuigiza na kufundisha kwa mpigo, mwambie achague mawili, na moja liwe ufugaji wa kuku. Mimi niko Iringa, nafundisha Kiswahili sekondari, naandika michezo, na jukwaani napanda mwenyewe. Kazi tatu, mshahara mmoja, na huo mmoja wenyewe benki wanaanza nao kabla yangu.

Ofisi ya walimu wananiita "msanii", na hawanisifu. Kwa wasanii wenzangu mimi ni "ticha". Kwa mwenye nyumba mimi ni "yule".

Halafu kuna wa kukutia moyo: "Mbona marehemu Edwin Semzaba aliandika, akaigiza na akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam?" Kweli kabisa. Tamthiliya yake ya Ngoswe ilitoka 1988 na watoto wa nchi hii wameifanyia mtihani mpaka basi. Najua, maana anayewafundisha ni mimi! Kutwa nachambua wahusika wa mwenzangu, miswada yangu iko chini ya kitanda inasomwa na mende.

Sasa huku kwetu utaandika mchezo gani umwache Mkwawa, Mtwa, yaani chifu, wa Wahehe? Nikaandika vita vya Lugalo, Agosti 1891, Wahehe walipolivizia jeshi la Wajerumani wakalisambaratisha, na kamanda wao Emil von Zelewski akafia hapo. Nafasi ya Mkwawa nilijiandikia mwenyewe, maneno matamu yote nikampa yeye. Siku ya kugawa nafasi, kila mtoto ni Mkwawa au ndugu yake Mkwawa. Mjerumani hakuna. "Mwalimu, bibi yangu ni wa Kalenga, kwa Mkwawa mwenyewe, akinikuta nimevaa Kijerumani leo silali ndani."

Basi Zelewski nikawa mimi. Maleba yangu ni koti la mtumba la Mlandege, vifungo vimekaa upande wa akina mama, na masharubu ya masizi ya sufuria. Wazee husimulia kwamba jamaa alikuwa juu ya punda, kwa hiyo punda wangu ni vijana wawili wa kidato cha kwanza ndani ya gunia, na yule wa nyuma ana mafua.

Mkuki kapewa nani? Kijana niliyempa alama 23 muhula uliopita. Kwenye mswada imeandikwa wazi: anamchoma, kamanda anaanguka. Yeye ananichoma, naanguka, ananichoma tena. Namnong'oneza, "Nimeshakufa, we mtoto!" Ananijibu ukumbi mzima ukisikia: "Bado, mwalimu!" Watu wakasimama kwa makofi. Maneno hayo sikuyaandika mimi, na ndiyo pekee wanayoyakumbuka.

Sokoni nako hakuna amani.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, mama. Nyanya shilingi ngapi?"

"Zipo, ila Mjerumani ana bei yake. Kichwa cha Mtwa wetu mlikipeleka wapi?"

Nikamwambia mama, kichwa kilisharudi, 1954, kiko Kalenga. Akauliza mbona kilichelewa. Nikaanza kumpa somo bure, maana ndiyo kazi yangu: Mkwawa alijiua Julai 1898, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza fuvu lirudishwe… Hapo nikanyamaza nikapiga hesabu. Kutoka agizo mpaka fuvu kufika, miaka 35! Na malimbikizo yangu ya mshahara nayo nimeambiwa yameshaagizwa. Kumbe ile ofisi haijanisahau, inafuata utaratibu.

Nyanya nikauziwa kwa bei ya Mjerumani.

Tena Mjerumani mwenyewe alikitangazia kichwa kile rupia 5,000. Mimi niliyekaa usiku kucha kumwandikia Mkwawa maneno ya kusema nimelipwa soda na chapati, na chapati yenyewe punda wa mbele aliimega.

Wiki hii mkuu wa shule kaniita. Mgeni rasmi wa mahafali ana haraka, mchezo wa saa nzima ushuke mpaka dakika saba. Nikamwuliza tukate wapi, mkuu? Hotuba ya Mkwawa? Baraza la wazee? Wimbo wa akina mama?

"Kata vyote hivyo, mwalimu. Anzia pale punda anapopiga chafya."