Saa ya kambo ina miaka 19

Mzee mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ana miaka 71. Saa janja iliyo mkononi mwake inajua ana 19. Mjukuu ndiye aliyeiwasha mara ya kwanza. Ilipomwuliza tarehe ya kuzaliwa akajaza ya kwake, kisha akamvisha kambo, yaani babu yake.

Kuna wanaotaka wazee watengenezewe sura yao ya pekee ya kioo cha saa: herufi kubwa, alama tatu, basi. Si hoja ya kubeza. Kuanzia miaka 40 na kitu lenzi ya jicho inakakamaa; ukifika 60, mwanga unaoingia ndani ya jicho ni kama theluthi ya ule wa kijana wa 20, kwa hiyo maandishi ya kijivu juu ya kioo cheusi ni giza tupu. Kidole kikavu, kilichosuguliwa na miaka ya mgodini, kioo hakikisikii vizuri. Tena Apple tayari inautumia umri: kwenye saa zake, uwezo wa kutambua kwamba mvaaji ameanguka hujiwasha wenyewe kwa aliyejaza miaka 55 au zaidi.

Aliyejaza! Nani anajaza huku kwetu?

Chukua moyo. Vifaa vingi hukadiria kikomo cha mapigo kwa kutoa umri katika 220. Kambo anapata 149, mjukuu 201. Sasa kambo anasukuma baiskeli yenye mfuko wa unga kutoka soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, moyo unapiga 140. Kwa hesabu ya mjukuu hiyo ni asilimia 70, mazoezi mazuri, pengine saa itampongeza. Kwa hesabu yake ni asilimia 94. Kanuni yenyewe ni ya kukisia, sawa, lakini hapa imepotea kwa mapigo 52, na aliyevaa hana habari.

Ndiyo maana wanaodai saa ya sura ileile kwa watu wote nawaona wanasingiziwa wanaposemwa hawajali wazee. Wao wanataka ukubwa wa herufi ukae kwenye kitufe cha ubavuni, uzungushwe kama sauti ya redio, na yeyote, bila kutaja umri. Jua la saa sita linamsumbua hata kijana. Mama anayesonga bukari (ugali) naye hana kidole kisafi cha kugusa kioo. Leo njia ya kukuza herufi imefichwa ndani ya mipangilio, na imeandikwa kwa herufi zilezile ndogo.

Kwa watoto nakubali umri uamue. Ujerumani ilipiga marufuku mwaka 2017 saa za watoto zenye uwezo wa kusikiliza watu kwa siri, na sioni wa kulalamika.

Jumapili tulibadilisha ile tarehe. Hesabu ya moyo ikarekebika palepale. Herufi zikabaki vilevile, kambo akanyoosha mkono kwa mjukuu amsomee.