Kura ya Pangani, Kura ya Tanga Mjini na Hesabu ya Viti Maalum

Mkoa wa Tanga una majimbo 12 ya ubunge. Pangani ina mbunge mmoja, Tanga Mjini nayo ina mmoja. Sensa ya 2012, iliyotangulia uchaguzi wa 2015, iliikuta Wilaya ya Pangani na watu 54,025 na Jiji la Tanga na watu 273,332. Kwa hiyo watu watano wa Makorora na Chumbageni, kata za Tanga Mjini, walikuwa wakigawana sauti ambayo kule Kipumbwi na Mwera, kata za Pangani, alikuwa nayo mtu mmoja. Lushoto, iliyokuwa na watu 492,441, imegawanywa majimbo matatu, kila moja kwa wastani watu 164,000 hivi.

Anayelalamikia hesabu hiyo ana hoja. Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka mpaka: idadi ya watu wa jimbo isizidi wala kupungua wastani wa taifa kwa zaidi ya asilimia 40 mijini na kwenye maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Katiba yetu ya Tanzania inaitaka Tume ya Uchaguzi izingatie idadi ya watu, mawasiliano na hali ya kijiografia, lakini haitaji kipimo. Hata hivyo, siko tayari kuifuta Pangani. Ukiiunganisha na Muheza, mbunge atatafutwa Muheza, na mvuvi wa ng'ambo ya kivuko, kule Bweni, atasubiri sana kumwona. Tofauti ya tano kwa moja ni kubwa mno na inafaa ipunguzwe, ila kosa kubwa la mfumo wetu haliko kwenye mipaka ya majimbo. Liko kwenye namna kura zinavyogeuzwa kuwa viti.

Mwaka 2015 CCM, chama tawala, ilipata takriban asilimia 55 ya kura za ubunge nchi nzima. Katika majimbo 256 yaliyopiga kura siku ile, ilichukua 188, yaani asilimia 73. Chadema, yenye karibu asilimia 32 ya kura, ilipata majimbo 34, asilimia 13. CUF ilipata 32, likiwamo la hapa Tanga Mjini. Ni kweli kwamba vyama vya UKAWA, umoja wa upinzani uliokuwa na Chadema na CUF ndani yake, viliachiana majimbo, kwa hiyo kura za kila chama si kipimo kamili cha nguvu yake. Lakini pengo la namna hiyo halielezwi na kuachiana peke yake. Ndivyo unavyofanya mfumo wa anayeongoza kuchukua kiti: ukishindwa kwa kura mia moja au kwa kura elfu thelathini, bungeni ni sawasawa, hupati kitu.

Mfumo huo una watetezi, na hoja zao nzuri zaidi zinatoka kwa wananchi wenyewe. Mbunge wa jimbo ana anwani. Unamjua kwao, unamwona msibani, unamuuliza fedha za Mfuko wa Jimbo zimekwenda shule gani, na akikuudhi unamsubiri miaka mitano. Nguvu hiyo ilionekana hata enzi za chama kimoja. Mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU, chama pekee cha wakati huo, walishindana kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba, na Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, akaangushwa. Mfumo wa orodha za vyama, ambapo kura hupigiwa chama na si mtu, usingempa mpiga kura nafasi hiyo, kwa sababu jina la waziri lingekaa juu kabisa ya orodha na hakuna ambaye angelifikia.

Afrika Kusini inaonyesha pande zote mbili za orodha. Mwaka 2024 ANC ilipata asilimia 40 ya kura na viti 159 kati ya 400. Ukitafuta haki ya hesabu, ni hiyo. Lakini mbunge wa kule anamtazama aliyemweka kwenye orodha kuliko aliyempigia kura. Kwetu tatizo lingekuwa zito zaidi, kwa sababu mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila katika suala hilo mwaka 2013. Kuongeza orodha bila kuruhusu mgombea binafsi ni kuwakabidhi makatibu wa vyama Bunge zima.

Nchi iliyonifanya niamini mfumo mseto, wa majimbo pamoja na orodha za vyama, ni Lesotho. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata karibu asilimia 60 ya kura kikabeba viti 79 kati ya 80. Wapinzani walikataa matokeo, Maseru ikaungua, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Kuanzia 2002 wakabaki na majimbo 80 na kuongeza viti 40 vya fidia: kinaangaliwa chama kilistahili viti vingapi kwa kura zake zote, vinatolewa vile kilivyopata majimboni, na vinavyobaki ndivyo kinavyojaziwa. Haukukosa hila. Mwaka 2007 vyama vikubwa viliwaambia wafuasi wao kura ya jimbo wape chama, kura ya orodha wape mshirika, na fidia ikaenda kwa wasioistahili. Ndipo wakahamia kwenye kura moja inayohesabiwa mara mbili, kwa jimbo na kwa chama.

Sisi kura moja inayohesabiwa mara mbili tunayo tayari. Viti maalum vya wanawake, ambavyo Katiba inataka visipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote, hugawiwa kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5 ya kura za ubunge, kwa kufuata kura hizo. Ni mfumo wa uwiano uliokaa ndani ya Bunge letu miaka yote hii. Kasoro yake ni kwamba haufidii. Unaongeza juu ya kile ambacho majimbo yameshatoa. Mwaka 2015, katika viti maalum 110 vya awali, CCM ilipata 64, Chadema 36 na CUF 10. Aliyekwishabeba majimbo 188 akaongezewa sehemu kubwa kuliko wote.

Tuvigawe viti hivyo hivyo 110 kwa njia ya fidia, bila kuongeza mbunge hata mmoja. Nimepiga hesabu kwa kura za 2015: CCM ingepata viti maalum kama 22, Chadema kama 87, CUF kimoja. CCM ingebaki na wabunge 210 hivi kati ya 366 wa majimbo na viti maalum, wingi wa kutosha kabisa kuunda serikali na kupitisha bajeti. Kisichokuwepo tena ni theluthi mbili ya kubadili Katiba, ambayo kwa wabunge hao ni 244, na ambayo kwa mgawo uliofanyika ilikuwa nayo, 252. Chama chenye asilimia 55 ya kura kinastahili kutawala. Kinastahili kubadili Katiba peke yake? Mimi nasema hapana.

Pingamizi zito linatoka kwa wanawake, nami sina jibu jepesi kwalo. Idadi ya wanawake bungeni isingebadilika, lakini wanawake wa chama kinachoshinda wangepoteza viti 42 kwa siku moja, na ingeonekana kama ni wao wanaolipia makosa ya mfumo. Chama kingelazimika kuwasimamisha majimboni ili wasipotee, na hilo ndilo ningependa kuona. Lakini anayejua kura za maoni za vyama vyetu, zile za kutafuta wagombea ndani ya chama, anajua pia kwamba mwanamke anaweza kuongoza kisha jina lake likakatwa. Kwa hiyo fidia bila sharti la uteuzi majimboni, tuseme theluthi moja wawe wanawake, ingewaumiza. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikwenda mbali zaidi, ikataka kila jimbo litoe mwanamke na mwanamume.

Orodha nazo zitangazwe kabla ya kura, kwa mkoa, ili mtu wa Handeni ajue nani ataingia kwa kura yake. Mwaka 2020 wanawake 19 waliapishwa kwa viti vya Chadema, chama chenyewe kikisema hakikuwateua, wakabaki bungeni. Orodha iliyobandikwa ukutani miezi miwili kabla isingeacha mwanya huo.

Zanzibar ina hesabu yake. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 1,303,569 na majimbo 50. Mkoa wa Tanga ulikuwa na watu 2,045,205, na katika uchaguzi wa 2015 ulikuwa na majimbo 12. Wapo wanaoona ni upendeleo. Naona ni bei halali ya Muungano wa nchi mbili. Marekani hulipa bei hiyo kwenye Seneti, kila jimbo viti viwili, na kuliacha Baraza la Wawakilishi lifuate idadi ya watu. Sisi tuna chumba kimoja kinachofanya kazi zote mbili, ndiyo maana hesabu haikai sawa na haitakaa.

Kuna watakaosema haya yote ni kupoteza muda, kwa kuwa Aprili 2025 Chadema ilizuiwa kugombea baada ya kutosaini kanuni za maadili, na uchaguzi wa Oktoba ukaishia kwenye maandamano na vifo. Wako sahihi kwamba hakuna kanuni ya kugawa viti inayomsaidia asiyeruhusiwa kuwemo kwenye karatasi ya kura, na Tume inayoaminika inatangulia. Lakini mambo hayo mawili, uchaguzi wa haki na namna ya kugawa viti, yanalishana. Kiongozi anayejua kwamba kushindwa majimboni ni kupoteza karibu kila kitu ana kila sababu ya kumzuia mpinzani mapema, na mpinzani anayejua asilimia 32 zitampa majimbo 34 hana sababu kubwa ya kuheshimu matokeo. Fidia inapunguza hofu hiyo pande zote mbili, na inaweza kuanza kwa kurekebisha ibara zinazogawa viti maalum, 66 na 78, kabla hatujafika kwenye Katiba mpya.