Mchoro wa Mabomba Apewe Anayekwenda Kukata Bomba

Wiki iliyopita nilialikwa chuo kimoja cha ufundi kusaidia kupima michoro ya wanafunzi wa ufundi bomba, na mpaka leo hasira haijanitoka. Wanafunzi hawana kosa. Kilichonikera ni karatasi ya kusahihishia. Fremu ya mchoro ina maksi. Kisanduku cha jina, tarehe na skeli kina maksi. Unene wa mistari, mwandiko, alama za vifaa, usafi wa karatasi, vyote vina maksi zake. Mteremko wa bomba la maji machafu haumo. Leveli ya chemba, yaani kina cha shimo la kukagulia bomba la maji machafu, haimo. Bomba likipita katikati ya bimu, ile boriti ya zege inayobeba nyumba, hakuna mstari wa kumkata mtu hata nusu maksi.

Mchoro ulioshika nafasi ya juu niliukalia muda mrefu. Nyumba ya ghorofa moja, choo cha juu kiko upande mmoja, bomba la wima la kushusha uchafu liko upande wa pili. Mwanafunzi kavuta mstari mmoja mzuri kabisa, bomba la milimita 100, mita sita kwa skeli. Sasa hesabu ndogo tu. Kwa mteremko wa 1:40, yaani kushuka mita moja kwa kila mita arobaini, ambao hata kibarua wa fundi bomba ameusikia, mita sita zinataka bomba lishuke milimita 150. Ongeza unene wa bomba lenyewe, unahitaji zaidi ya milimita 250 chini ya slabu ya zege, na hapo elbo ya kuanzia, kile kiungo cha kona, hujaiwekea nafasi yake. Ramani ya nyumba waliyopewa inaonyesha kwamba kati ya slabu na dari la jipsamu kuna milimita 200. Tena njiani kuna bimu inayoshuka milimita 450, na mstari umeikata moja kwa moja kana kwamba haipo.

Ukipeleka mchoro huo saiti, fundi ana njia mbili. Ama atoboe bimu, na injinia akimkuta kazi inasimama siku hiyo hiyo. Ama alilaze bomba bila mteremko ili lijifiche juu ya dari. Mimi nimekaa saiti miaka mingi, nawaambieni: watalilaza. Maji yatapita, uchafu mzito utabaki, bomba litajaa kidogo kidogo. Kisha doa litatokea kwenye dari la sebuleni, mama mwenye nyumba atapiga simu, na watu watavunja vigae vilivyonunuliwa kwa mkopo wa kikundi. Mchoro ulioanzisha balaa lote hilo ulipata maksi za juu.

Meza ya nyuma alikaa binti mmoja ambaye karatasi yake ilikuwa imechakaa kwa raba. Nikamwuliza kwa nini amefutafuta namna ile.

“Fundi, chemba ya kwanza nimeipa kina cha milimita 600,” akanionyesha kwa ncha ya penseli. “Kutoka hapo mpaka septiki ni mita 15. Kwa moja kwa arobaini nashuka 375, kwa hiyo nafika na 975. Lakini kwenye ramani ya kiwanja mdomo wa kuingilia septiki uko kwenye 800. Haiwezekani.”

“Sasa umefanyaje, mwanangu?”

“Nimejaribu kubadilisha njia, imekataa. Nikaandika hapa pembeni: septiki ishushwe au isogezwe karibu, aulizwe injinia kabla ya kuchimba.”

Alikatwa maksi za usafi. Maandishi yale ya pembeni hayakumpa chochote, maana kwenye karatasi ya kusahihishia hayana pa kuingia. Nilimtetea, nikajibiwa kwa upole kwamba mwongozo ndio huo. Mimi ningekuwa na kazi ya kuanza kesho asubuhi, ningemchukua yeye. Ameona kosa kabla jembe halijagusa ardhi, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mchoro wa mabomba.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba usafi una maana yake. Namba isiyosomeka humfanya fundi anunue bomba la nusu inchi mahali pa robo tatu. Alama za vifaa nazo si mapambo: mshale wa valvu ya kuzuia maji kurudi ukichorwa kinyume, na fundi akaufuata, pampu itanguruma mchana kutwa na tangi la juu halitapata tone. Haya yapewe maksi. Lakini yapewe maksi chache, na yaje baada ya swali kubwa: je, kitu hiki kinajengeka?

Swali hilo mwalimu hawezi kulijibu peke yake kwa kuukodolea macho mchoro mezani. Anayelijibu ni mtu wa pili. Kwa hiyo pendekezo langu ni moja, na nitalirudia kila nitakapoalikwa: mchoro wa mwanafunzi apewe mwanafunzi mwingine ambaye hajauona, aingie nao karakana, na yule aliyeuchora akae kimya pembeni. Mtu wa pili atoe orodha ya vifaa vyote, elbo ngapi, tii ngapi, valvu ngapi, bomba mita ngapi. Achukue chaki achore njia ya bomba ukutani kwa vipimo kamili. Achukue mpira wa maji, ule mpira mwangavu unaojazwa maji kupimia usawa, aweke leveli ya mwanzo na ya mwisho. Kila anapokwama na kulazimika kuuliza, mpimaji anaandika: kauliza bomba linatoka kimo gani sakafuni, kauliza mteremko, kauliza valvu ya kufungia iko kabla au baada ya tangi. Kila swali ambalo mchoro ulipaswa kulijibu ni maksi iliyopotea kwa mchoraji. Kwa njia hii wanapimwa wote wawili, mmoja kwa kuchora na mwingine kwa kusoma, na kusoma mchoro ni ujuzi ambao saiti unatafutwa kwa tochi.

Kisha mpimaji abadilishe kitu. Amwambie mchoraji kwamba bimu imesogezwa, au mwenye nyumba ameamua sinki la jikoni lihamie dirishani. Aone kijana anavyorekebisha: je, anakumbuka kwamba leveli za chemba zinazofuata nazo zimebadilika? Je, anaandika tarehe ya marekebisho, au mchoro wa zamani na mpya vitazagaa saiti pamoja bila mtu kujua upi ndio wenyewe? Hapo utamjua mchoraji.

Mchoro wa aisometriki, ule unaoonyesha mabomba kwa pande tatu kwa pamoja, nao unahitaji kupimwa hivyo hivyo. Nimeona vijana wanavuta mistari ya nyuzi 30 kwa ustadi wa kupendeza, ila ukiwauliza bomba lipi la nyumba hiyo litatoa maji kidogo kuliko yote, wanaduwaa. Na jibu liko pale pale kwenye mchoro waliouchora! Kila mita moja ya kimo kutoka kwenye maji ya tangi kushuka hadi kwenye bomba inakupa takriban bar 0.1 ya msukumo. Bafu la ghorofani lenye tangi lililoinuliwa mita mbili tu juu yake linapata bar 0.2, na hapo hujatoa msukumo unaopotea kwenye elbo na mabomba membamba njiani. Mwenye nyumba akifunga hita ya papo kwa papo inayotaka zaidi ya hapo, haitawaka, naye atamlaumu muuza hita. Dakika tano za kumhoji mwanafunzi akiwa na mchoro wake mkononi zingetosha kujua kama anaelewa alichochora au amenakili tu kutoka ubaoni.

Wanaobishana kama mtihani uwe wa penseli au wa AutoCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, wabishane tu. Bomba lisilo na mteremko ni lile lile kwenye karatasi na kwenye skrini.

Jambo hili si dogo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi hapa Tanzania, imekuwepo tangu sheria ya mwaka 1994, NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, ipo, na neno linaloimbwa kila mahali ni umahiri. Sasa tuna mkondo wa amali unaowapeleka watoto wa sekondari kwenye fani hizi wakiwa wadogo zaidi. Kama umahiri ndio tunaoutaka, basi mtihani wa mchoro umguse fundi, mtaro na bimu. Tena kumbukeni tunajenga wapi. Nyumba nyingi za kuishi mitaani kwetu zinajengwa bila mchoro wowote wa mabomba. Ipo ramani ya vyumba, mengine yote yamo kichwani mwa fundi. Huyu kijana tunayemsahihisha leo huenda akawa mtu pekee katika mtaa mzima anayeweza kuweka jambo hilo kwenye karatasi.

Najua jibu nitakalopewa: muda hakuna, wapimaji ni wachache, bajeti haitoshi. Wapimaji ni wachache kweli. Lakini kubadilishana michoro hakuhitaji fungu. Chaki ipo, ukuta upo, mpira wa maji upo, na wanafunzi wenyewe wapo. Karakana ikiwa ndogo, waingie kwa zamu huku wengine wakiendelea kuchora. Walimu waanze na majaribio ya ndani ya chuo, ambayo wanayapanga wenyewe, bila kusubiri waraka wa mtu yeyote. Karatasi ya kusahihishia ibandikwe ukutani tangu wiki ya kwanza ya muhula, mteremko na leveli zikiwa juu kabisa, ili kijana ajue anatafutwa nini. Na kazi ya mwisho ya muhula iwe mchoro wa majengo ya chuo chenyewe: wapewe chepeo na futi kamba, wafunue chemba moja baada ya nyingine, wapime kina, wachore mabomba yanapopita kweli kweli, kisha nakala akabidhiwe fundi wa matengenezo wa chuo aifanyie kazi. Yeye ndiye awape maksi.