Vikombe 64, watu wanne

Mke wangu alisafiri kwenda Tanga kumuuguza mama yake kwa siku kumi na moja. Siku ya pili nikafungua kabati la jikoni kuchukua kikombe kimoja, vikashuka vitatu. Kimoja nikakidaka kwa mkono, kimoja kwa tumbo, cha tatu kikapasukia kwenye kidole gumba cha mguu.

Mimi ni mtu wa stoo. Kazini siwezi kupitisha boksi la misumari bila kuliandika. Jumamosi asubuhi nikatandika magazeti sakafuni, nikashusha vikombe vyote, nikachukua daftari la hesabu la mtoto. Ukiondoa yule marehemu wa kidole gumba, vilikuwa 64. Nyumba yetu ina watu wanne, na mmoja wao bado ananywea chupa yenye mfuniko.

Mchanganuo wangu ulikuwa huu: 24 vyeupe vya udongo vinavyofanana, 11 vya melamini, sita vya bati vyenye ukingo wa bluu, sita vya wageni vyenye dhahabu mdomoni, tisa vya picha na maandishi, na vinane yatima, kila kimoja na ukoo wake. Hao tisa wa picha walitoka kwenye kitchen party, mahafali na semina. Kuna kimoja chenye maharusi wanaocheka. Ile ndoa imevunjika, kikombe hakina hata alama.

Nikapiga hesabu ya mahitaji. Watu wanne mara vikombe viwili, maana kimoja huwa kwenye sinki: nane. Wageni sita. Akiba viwili, kwa sababu vikombe hupasuka. Jumla 16, kwa hiyo 48 viondoke.

Kuchagua kuna utaratibu. Kikombe cha udongo unakining'iniza kwa kidole kwenye mkono wake, unakigonga mdomoni kwa kijiko. Kizima hulia "tiiing", chenye ufa hujibu "tak", kama mtu aliyeamshwa usingizini. Ukiwa na shaka, kijaze maji ukiweke juu ya gazeti kavu mpaka asubuhi, gazeti litasema. Kilichomeguka mdomoni kisibaki hata kama ni cha zawadi. Pale palipomeguka ule mng'aro umeondoka, udongo wa ndani unanyonya chai na maji ya vyombo, na midomo inakatika. Kibaya kuliko vyote ni ufa mwembamba pale mkono unapoungana na tumbo. Huo haukupi taarifa. Siku moja unainua chai ya moto, mkono wa kikombe unakuja, chai inabaki na mipango yake.

Yatima watatu walijibu "tak". Nikawafunga kwa gazeti tabaka mbili na kuandika VIGAE kwa kalamu nene, maana kijana wa taka hubeba mifuko kwa mikono mitupu.

Kutoa madoa ya chai pia nilikujua. Kijiko kimoja cha chai cha baking soda, matone ya maji mpaka iwe uji mzito, paka ndani, subiri dakika kumi, sugua kwa kitambaa. Steelwaya hapana. Kwenye udongo huacha mistari ya kijivu, na kwenye melamini hukwaruza, kisha chai ya kesho inapata mifereji ya kukaa. Jiki kwenye melamini nayo hula ule mng'ao. Haya yote niliyafanya sawasawa, na ninataka yaingie kwenye kumbukumbu kabla sijaendelea.

Kwa sababu nilipogeuza vile vyeupe 24, kila kimoja kilikuwa na doa jekundu kitakoni, ukubwa wa punje ya mtama. Baking soda haikufua dafu. Kwa mtu wa stoo, alama isiyo kwenye daftari ni uchafu. Nikachukua chupa ya asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, kwenye meza ya kujirembea ya mke wangu, nikalowesha pamba, nikafuta madoa 24, moja baada ya jingine, huku napiga mluzi. Pamba niliiweka kwenye trei ngumu ya plastiki, ile inayoonyesha kama kioo. Ikapata ukungu ambao haujatoka mpaka leo. Asetoni hula plastiki ya aina ile. Hapo ndipo ningeshtuka.

Sikushtuka. Vyeupe 24 nikavipeleka kwa mama lishe wa kijiwe cha bodaboda, maana mwenye biashara anahitaji vikombe vinavyofanana. Akanibariki, akaniahidi chai na chapati mbili kila asubuhi kwa wiki nzima. Vya bati vilivyobanduka rangi (kile cheupe ni kama kioo kilichopakwa juu ya chuma, kikimeguka kutu inaingia) akachukua mnunuzi wa vyuma chakavu. Vya melamini akavikataa, akasema hiyo haiyeyuki, na alisema kweli. Viwili vikawa vichotio vya unga na mchele, tisa nikavitoboa chini nikapandia mchicha. Vinne vya picha, wakiwamo wale maharusi, wakachukua watoto wa jirani.

Kabatini vikabaki 16, kila kimoja kimekaa peke yake bila kubebana. Usiku niliamka kwenda kuviangalia.

Jumatano jioni nikasikia hodi. Walikuwa akina mama watano wa kikundi cha kuzikana, katibu mbele na ndoo mbili.

"Shemeji, Ijumaa kuna arobaini. Tumefuata vikombe vya kikundi, 24, vyeupe, vyenye alama nyekundu."

Nilikumbuka. Mwezi uliopita mke wangu aliniambia zamu ya kutunza vyombo imefika kwetu. Nilijibu "sawa". Siku hiyo Simba na Yanga walikuwa wanacheza. Ningejibu "sawa" hata angeniambia nyumba inaungua.

"Karibuni ndani," nikasema, nikatokea mlango wa nyuma.

Kwa mama lishe nilikuta 19. Vitatu vilikuwa gereji na chai ndani, viwili vilishavunjwa na bodaboda. "Baba, ulinipa, nami nikasema asante," akaniambia, na hilo halina rufaa. Tukaelewana nimletee vya stili 24, elfu 36, na chapati zangu zife. Vile viwili nikavifuata Kariakoo Alhamisi asubuhi, maana katibu nilimwambia vimelowekwa. Duka la jumla halivunji dazeni. Nikanunua 12.

Ikabaki alama. Ukitaka rangi ya kucha ishike kitakoni, futa mafuta kwanza, acha pakauke kabisa, paka mikono miwili myembamba badala ya mmoja mnene, na paka kwenye shimo la katikati, siyo kwenye ule ukingo unaokanyaga meza, kwa sababu pale husuguliwa ikaisha. Nilifuata yote. Ila duka la vipodozi pale kona lilikuwa limeishiwa nyekundu, nikauziwa ambayo muuzaji aliita "karibu nyekundu". Chini ya taa ya jikoni, saa tano usiku, ilikuwa nyekundu.

Kwenye arobaini, mchana kweupe, ilikuwa pinki. Na pinki ni rangi ya kikundi cha mtaa wa pili, ambacho nacho kilileta vikombe vyeupe 36. Wakati wa kuosha, akina mama walivigeuza wakavipanga kwa rangi, pinki huku, nyekundu kule. Upande wa nyekundu palikuwa na sufuria na miiko tu. Kikundi cha pili kiliondoka na vikombe 60, mwekahazina wao akisema Mungu huzidisha.

Kuvirudisha kulichukua siku mbili, mjumbe wa mtaa, na soda kreti moja.

Mke wangu alirudi Jumatatu. Akafungua kabati. Mle ndani palikuwa na vile 16, na 10 vilivyobaki kwenye dazeni, na 24 vya kikundi ambavyo sasa vina madoa mawili kila kimoja, la pinki la kwangu na jekundu la katibu. Jumla 50. Nilikuwa nimeshika daftari tayari kumsomea mchanganuo. Akachukua kikombe kimoja, akakigeuza, akakitazama kitakoni kwa muda mrefu, kisha akatazama trei.

"Baba Zawadi," akasema polepole, "asetoni yangu iko wapi?"