Bawabu wa Pauni Milioni 59
ARIA, wakala wa serikali ya Uingereza unaogharimia utafiti wa kubahatisha, umetenga pauni milioni 59 kwa jambo ambalo mafundi wengi wa programu huliguna: akili unde inayokuja na uthibitisho wa kihisabati kwamba haitavuka mipaka iliyowekewa. Anayetaka kujua ni uthibitisho wa namna gani akumbuke ule wa shuleni, kwamba pembe tatu za pembetatu hujumlika nyuzi 180. Ukishakubali hatua za hoja, huna haja ya kupima kila pembetatu duniani.

Mradi ulibuniwa na David Dalrymple, ambaye wengi humfahamu kwa jina la davidad, na mwaka 2024 Yoshua Bengio, mmoja wa waliojenga misingi ya teknolojia hii, alijiunga nao kama mkurugenzi wa kisayansi. Wazo lao lina vipande vitatu: maelezo ya kihisabati ya sehemu ya dunia ambamo mashine itafanya kazi, tuseme gridi ya umeme; mipaka isiyoruhusiwa kuvukwa; na mkaguzi, ambaye ni kama bawabu langoni. Mashine yenyewe haiaminiwi hata kidogo. Inapendekeza hatua na kuleta hoja kwamba hatua hiyo ni salama, au kwamba uwezekano wa madhara haupiti kiwango fulani. Bawabu huikagua hoja hiyo, na ikipwaya, lango halifunguki.

Wanaounga mkono wana cha kuonyesha. Mwaka 2009 watafiti wa Australia walithibitisha kihisabati kiini cha mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, kiitwacho seL4. Baadaye wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, DARPA, uliutia katika helikopta isiyo na rubani, ukawapa wadukuzi wa kukodi nafasi ndani ya kompyuta yake, na wakashindwa kuufikia usukani. Treni za Metro ya Paris, njia ya 14, zimekuwa zikienda bila dereva tangu 1998 kwa programu iliyothibitishwa kwa mtindo huohuo.

Lakini seL4 ilikuwa na mistari 8,700 hivi ya programu, na kuithibitisha kulikula kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa miaka ipatayo 20. Hapo ndipo wapinzani wanapoanzia. Mwaka 2017 ilikuwa habari kubwa watafiti walipoweza kuthibitisha tabia za mitandao ya neva (akili unde inayojifunza kwa mifano) ya kuepusha ndege zisigongane, mitandao yenye nodi 300 kila mmoja. Miaka mitatu baadaye ilitoka GPT-3, akili unde ya kuandika, yenye vigezo (namba za ndani zinazoamua majibu yake) bilioni 175. Nani atathibitisha dubwana hilo?

Nadhani hoja hii inapiga pasipo na shabaha. Mradi haukusudii kuthibitisha ubongo wa mashine. Unakagua pendekezo linalotoka humo, na pendekezo ni kitu kidogo. Tena gharama ya kuandika hoja za kihisabati inashuka. Mwaka 2024 mifumo ya Google DeepMind ilifikia kiwango cha medali ya fedha katika maswali ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, na sehemu ya majibu hayo ilihakikiwa na kompyuta mstari kwa mstari.

Pingamizi lisilopungua makali ni jingine, nalo liko katika kipande cha kwanza, yale maelezo ya dunia ambayo ndiyo ramani ya bawabu. Tarehe 9 Agosti 2019 radi ilipiga njia ya umeme kaskazini mwa London. Papo hapo shamba la mitambo ya upepo baharini na kituo kimoja cha gesi vikapoteza nguvu. Umeme wa Uingereza hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Siku ile ukashuka hadi 48.8, na wateja zaidi ya milioni moja wakakatiwa ili gridi isianguke yote. Kwa gridi yenyewe lilikuwa tukio la muda mfupi. Balaa likahamia relini. Treni za aina fulani zilikuwa zimewekewa programu ya kujizima mizunguko ikishuka chini ya 49, na baadhi yake zikagoma kuwaka tena mpaka fundi afike. Abiria walikwama humo saa kadhaa, jioni ya Ijumaa. Treni hazikuwa zimeharibika. Zilitii.

Sasa mweke bawabu wetu kwenye gridi hiyo. Mipaka ya mizunguko anaijua, na huenda angedai akiba kubwa zaidi ya umeme mapema. Lakini kama ramani aliyopewa inaishia kwenye nyaya, treni kwake hazipo. Angetia muhuri, hesabu ikiwa sahihi kabisa, na watu wangekwama.

Wengine wangependa pesa hizi ziende kwenye upimaji. Uingereza tayari ina taasisi yake ya kupima akili unde, iliyoanzishwa 2023, na mifumo inayoipima ndiyo watu wanayozungumza nayo kwenye simu zao. Hapo wana haki. Hakuna anayejua kuandika kwa hisabati madhara ya jibu baya kwa kijana aliyekata tamaa saa nane za usiku, na waziri akisimama na kutangaza “akili unde iliyothibitishwa kuwa salama”, msikilizaji atafikiri ni huyo anayechati naye. Kumbe ni mpangilio wa umeme.

Hata hivyo pesa za mradi huu ningezitoa. Kampuni zinazoshindana kutoa mfumo mpya kila baada ya miezi michache hazina sababu ya kulipia kazi ambayo faida yake itagawiwa kwa wote. Ila fungu nono lingekwenda kwa wachora ramani: watu wa kukaa na wahandisi wa gridi, wa reli na wa hospitali, wakiuliza kinachofuata kila namba inaposhuka. Namba 49 ilikuwamo ndani ya zile treni muda wote.