Mpangaji naye ana haki ya jua

Kusema kwamba mwananchi hushiriki katika nishati ya jua pale anapofunga paneli juu ya paa lake, kama makala moja niliyoisoma inavyodai, ni kuwasahau wapangaji, maana paa si lao. Ujerumani wamewafungulia njia: paneli moja au mbili hufungwa kwenye vyuma vya roshani, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) isiyozidi wati 800 huchomekwa kwenye soketi ya kawaida, na friji hula umeme wa jua mchana kutwa. Tangu Oktoba 2024 sheria haimruhusu mwenye nyumba kukataa bila sababu ya msingi. Huo ndio ushiriki, si mikutano ya kutoa maoni wakati uamuzi umeshapitishwa! Je, huko kwenu mpangaji akiomba ruhusa hiyo hujibiwaje?